Laki Mbili za Dina

Itumba, Ileje
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Gwamaka,

Bwana asifiwe. Huku sote wazima, isipokuwa ndama aliyekufa Jumatatu, na mguu wangu wa kushoto unaonipa habari za mvua kabla ya redio. Mvua yenyewe inanyesha kana kwamba inalipwa kibarua. Maharage ya bondeni yameoza, ila kahawa imebeba hadi matawi yameinama, na bei isipotufanyia utani mwaka huu tutacheka. Salamu zako za Krismasi zilifika mwezi wa pili. Ndaga, asante, hata kiporo ni chakula.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mambo ya fedha siyaongei tena kwenye simu. Yule kijana mwenye sauti ya asali, aliyejifanya mtu wa huduma kwa wateja, alinila elfu themanini mchana kweupe nikiwa jikoni na mwiko mkononi. Namba ya siri nilimtajia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Tangu siku ile simu yangu ni ya kuulizana nani kafa. Barua anakuletea Tuntufye, dereva wa Hiace ya Itumba na Tunduma. Ukijibu mpe yeye, usimpe konda wake, konda anasoma.

Jambo lenyewe ni Dina. Mwanangu ameshuka huko Tunduma na laki sita zangu, anauza nguo za watoto za mitumba pale Sogea. Hizo laki sita ni gawio langu la kikoba. Ni elfu tano kila Alhamisi kwa miaka miwili, na zipo Alhamisi nilizonunua hisa kisha nikarudi nyumbani kula ugali kwa chumvi. Wewe ndiye mjomba wake. Mwangalie kama ungemwangalia wako. Zaidi ya yote mwambie asisogelee mikopo ya kausha damu, naona huko ofisi zake ni nyingi kuliko maduka ya chumvi.

Hata kikoba nacho si mchezo. Enesi, jirani yangu wa hapo chini, alikopa kwetu laki tatu akakaa miezi saba bila rejesho. Kanuni yetu unaijua: asiyelipa tunamfuata wote, siku ya mkutano, na tunabeba. Tulikwenda kina mama ishirini na wawili. Tukabeba godoro, tukabeba masufuria, havikutosha, tukang'oa bati. Mimi ndiye niliyepanda paani. Zilishuka bati kumi na moja. Enesi aliumia kidogo mkono kwa kung'ang'ania ngazi, kajitakia. Fedha ya watu haina huruma, na haitakiwi kuwa nayo.

Ulisema umepata kazi mpya. Kazi gani? Mwanaume wa miaka arobaini haandiki "kazi fulani" kama binti anayeficha mchumba.

Dada yako,
Sekela


Tunduma, Chapwa
9 Mei 2024

Dada Sekela, shikamoo.

Mimi mzima. Tunduma ni ile ile, vumbi, honi na foleni ya malori ambayo juzi ilifika Mpemba. Yunisi na watoto wapo kwao Ihanda tangu Januari, wanasaidia shambani. Pole kwa ndama. Hongera kwa kahawa. Usinionee gere kwa nyama, siku hizi nakula kwa mama lishe peke yangu kama kapera.

Cheka kidogo, dada. Mama wa kwaya unapanda paa la mwenzio na nyundo! Nikimsimulia bosi wangu atakutumia barua ya ajira.

Kazi yangu ni hii. Niliacha kubadilisha kwacha za Zambia pale mpakani. Sasa nipo kwenye ofisi ya mikopo, mimi ni afisa ufuatiliaji. Nina pikipiki ya kazini, helmeti na jaketi. Ndiyo, ofisi ni ya aina hiyo hiyo unayoitukana. Mtu hachagui mlango wa kuingilia mvua ikinyesha.

Kwa kuwa nipo jikoni, acha nikuonyeshe chungu. Mtu anakuja anataka laki mbili. Tunamkata fomu elfu ishirini na tano, anaondoka na laki moja na sabini na tano. Analipa elfu kumi kila siku, siku thelathini, na Jumapili ni siku. Hiyo tayari ni laki tatu. Akikosa siku moja, faini elfu tano. Akikosa wiki, faini inazaa riba. Hakuna anayekuja akiwa na njaa ya kufanya biashara, dada. Wanakuja wakiwa wamebanwa, na aliyebanwa hasomi fomu. Ukiona mtu yeyote wa kwetu anataka kuingiza mguu huku, mkate huo mguu kwanza.

Dina nimemwona mara mbili. Mzima, ana maneno mengi kama mama yake.

Samahani kwa mwandiko. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri, nilianguka na pikipiki.

Mdogo wako,
Gwamaka


Itumba
2 Juni 2024

Mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Tumeanza kuchuma kahawa, mashine ya kumenya ni moja, foleni yake inakaribia hiyo ya malori yako. Baba mdogo Jairo anakusalimia na anauliza kama Tunduma hakuna kanisa.

Sasa nijibu kitu. Lwitiko, fundi wetu wa baiskeli, amerudi kutoka huko. Anasema alikuona Chapwa na kijana mwingine. Anasema mlimtoa mtu ndani kwa kumvuta mkanda, watoto wake wakitazama, mkamlaza kifudifudi kwenye matope, na wewe ukamkanyaga shingo kwa buti wakati mwenzio anatoa televisheni na jiko la gesi. Anasema mtu yule alikuwa anapuliza mapovu kwenye maji ya matope na wewe ulikuwa unatazama barabarani. Nilimfukuza Lwitiko kwa mwiko. Lakini usiku sikulala. Ilikuwa wewe au haikuwa wewe?

Hapa nako si shwari. Mume wa Enesi alirudi kutoka machimbo ya makaa akakuta nyumba haina bati, akampiga mkewe mpaka jicho likaziba. Nilipeleka unga. Enesi aliupokea bila kuniangalia.

Na Dina kaniandikia. Belo la mitumba alilonunua lilifunguka matambara matupu, soksi zisizo na wenzake na makoti ya watu wa barafu. Anataka laki mbili aongezee mtaji anunue lingine. Nimemjibu hapana. Mtaji hauombwi mara mbili. Fedha ninayo, si kwamba sina, lakini imo kwenye sanduku la kikoba, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na nikitoa hisa kabla ya Desemba nakosa gawio lote la mwaka. Akae na njaa kidogo. Njaa hufundisha hesabu kuliko mwalimu.

Nijibu lile la matope.

Sekela


Tunduma
30 Juni 2024

Dada Sekela, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa, niliianza barua hii mara nne. Mwambie baba mdogo kanisa lipo, mimi ndiye sipo.

Umeniuliza ilikuwa mimi au haikuwa mimi. Nitakueleza jambo lingine, hilo utalijua lenyewe.

Mwaka jana mteja wa ng'ambo alinibadilishia mzigo wa kwacha, nikampa shilingi milioni moja na nusu. Zile kwacha zilikuwa bandia, zote, hadi ile ya juu. Nikakopa milioni kwenye hii ofisi ili nisionekane nimefilisika pale mpakani. Rejesho elfu hamsini kwa siku. Nililipa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini na tano walinichukua stendi, wakanifungia kwenye stoo ya magunia siku mbili bila maji. Siku ya pili bosi aliingia. Anaitwa Efraimu, mtu mpole, hatukani. Alikaa juu ya gunia akanywa soda yake taratibu mpaka ikaisha. Kisha akauweka mkono wangu kwenye fremu ya mlango wa chuma akaniambia nihesabu siku nilizoruka. Nilipofika mbili akaufunga mlango. Akaufungua, akasema naona umesahau, anza upya.

Sikuanguka na pikipiki, dada.

Aliniuliza kama nataka kuendelea kuhesabu au nataka kazi. Nikataka kazi. Deni linakatwa kwenye mshahara, na kila mwisho wa mwezi nikilitazama lipo palepale. Naogopa. Sijawahi kukuambia hivyo tangu utotoni, basi leo nakuambia.

Nina ombi moja. Mpe Dina hizo laki mbili. Mpe wiki hii, usisubiri Desemba wala usisubiri kahawa. Hata ukiuza mbuzi. Usiniulize kwa nini.

Gwamaka


Itumba
12 Julai 2024

Gwamaka,

Bwana asifiwe. Wazima.

Nililia kwa ajili ya vidole vyako. Nilikaa kwenye kinu nikalia mpaka kuku wakanisogelea. Halafu nikafuta uso, nikaisoma tena barua yako, nikauona mchezo wenu. Mmoja ananililia belo, wa pili ananililia vidole, na wote mnaishia palepale, kwenye laki mbili zangu. Dina kakutuma. Usibishe, nilimzaa mimi.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi yako uliila peke yako, hukunialika, matanga unaniletea nikupikie. Sitoi hisa. Kina mama wakisikia katibu wao ndiye wa kwanza kuvunja kanuni, Alhamisi ijayo sanduku litakuwa tupu. Na mimi ndiye niliyepanda paa la Enesi. Nitawaangalia kwa macho gani? Mbuzi pia siuzi, wana mimba.

Desemba tukivunja kikoba Dina atapata, si siku moja kabla. Kama kuna jambo unalijua, liandike. Usipoliandika, mimi nahesabu halipo.

Sekela


Itumba
20 Agosti 2024

Gwamaka,

Hujajibu. Wiki tano. Kahawa imeuzwa, bei ilikuwa nzuri, sitaki kuizungumzia.

Dina yupo nyumbani. Tuntufye alimleta Alhamisi asubuhi amelala kiti cha nyuma, abiria wamesimama wote ili apate nafasi. Mkono wake wa kulia umevunjika mara mbili, juu ya kiwiko na chini yake. Meno mawili ya mbele hayapo. Mgongoni kuna michirizi ya nondo, niliihesabu nikafika tisa nikaacha. Godoro lake wamechukua, nguo za biashara wamechukua, hata ndoo. Alikopa laki mbili, Gwamaka. Mwanzoni mwa Juni, siku tatu baada ya kupata jibu langu. Mpaka juzi walikuwa wanamdai laki sita na arobaini.

Hospitali hapa wamemfunga mkono, wanasema lazima aende Mbeya akawekewe vyuma. Usiku anapiga kelele. Hataki nimguse. Anayemwogesha ni Enesi. Ndiyo, yule yule. Alikuja mwenyewe na maji ya moto, hakuniomba ruhusa. Kidole chake cha kati kimekaa upande. Nilikuandikia kwamba aliumia kwa kung'ang'ania ngazi. Alishika ngazi, kweli. Mimi nilikuwa nashuka nayo bati begani, nikaona mkono wake pale kwenye kipago cha ngazi, nikaukanyaga kwa kisigino makusudi, na nikausaga. Nilisikia raha. Leo mkono ule ndio unaomshika mwanangu kichwa akitapika, na mimi nasimama mlangoni na kikombe cha chai kinachopoa.

Dina anasema kidogo kidogo. Walikuwa wawili. Aliyeingia ndani anaitwa Lucky. Mwingine alibaki nje juu ya pikipiki, helmeti kichwani, anavuta mafuta injini ingurume ili majirani wasisikie. Na anasema aliita, mjomba, mjomba. Nikamwambia, mwanangu, mjomba wako angekuwepo wasingekugusa hata unywele. Akageukia ukutani.

Kazi hiyo unaijua na watu wake unawajua. Nataka jina la yule wa pikipiki. Polisi nitakwenda, lakini kwanza nataka mimi. Panga limenolewa.

Dada yako


Tunduma
3 Septemba 2024

Dada,

Wa pikipiki ni mimi.

Nimeandika hilo kwanza ili nisije nikaacha kuliandika.

Jina la Dina nililiona kwenye daftari la ofisi mwezi wa sita, siku ileile alipokopa. Alikopeshwa na binti wa kaunta wakati mimi nipo barabarani. Nilikwenda Sogea nikamgombeza mpaka akalia, akasema mama kanikatalia, kodi ya nyumba imekwisha, belo limenikausha. Akaniapisha nisikuambie. Nikaapa kama mjinga. Ndiyo maana nilikuandikia vile. Nilimlipia siku zake kumi na moja kutoka mfukoni, mfuko ukakauka. Kisha nikauchana ukurasa wake. Mtoto tu ndiye angefikiri bosi ana daftari moja.

Tarehe 14 Agosti Efraimu aliniita. Akaniuliza huyu Dina ni nani kwako. Nikasema simjui. Alitabasamu. Akasema vizuri, basi utakwenda na Lucky, na usipokwenda Lucky atakwenda na mwingine, halafu wote wawili watapanda gari la Itumba, nasikia kuna mama ana kahawa nzuri.

Nilijiambia nikiwepo hatapigwa sana. Nilijiambia nitamwambia Lucky inatosha. Lucky aliniagiza nivute mafuta, nikavuta. Nilisikia nondo, dada. Pamoja na injini nilisikia. Mlango ulifunguka alipojaribu kukimbia, nikawa natazamana naye, hatua nne. Helmeti yangu ni ya kioo cheupe, uso unaonekana. Ukimwambia mjomba angekuwepo, ndiyo maana anageukia ukutani. Hakuwa anamwita mtu wa mbali. Alikuwa ameniona. Lucky alimrudisha ndani kwa nywele na mimi nikavuta mafuta zaidi, kwa sababu alikuwa anataja jina la ukoo wetu na niliogopa Lucky atasikia.

Yunisi hakwenda Ihanda kusaidia shamba. Aliondoka siku alipokuwa anafua suruali yangu akakuta jino la mtu kwenye pindo.

Ndani ya bahasha kuna laki tatu na elfu kumi. Ni zote nilizonazo. Niambie nifanye nini, nitafanya, hata ukisema nife.

Gwamaka


Mahabusu
29 Septemba 2024

Dada Sekela, shikamoo.

Barua hii imetoka kwenye chombo cha chakula cha Yunisi, aliyekuja kuniona, Mungu ambariki. Atakukabidhi mwenyewe.

Najua ulikuja Tunduma na panga. Siku ile nilikuwa nimevuka mpaka, Nakonde, kwa rafiki, nilitaka kukaa hukohuko, nikashindwa kulala nikarudi. Walinikamatia mpakani kwenye uzio. Lucky walimkamata kwanza, ndiye aliyenitaja. Efraimu hajaonekana.

Humu tupo wengi. Kuna mtu niliyewahi kumnyang'anya cherehani, amefungwa kwa kesi yake nyingine. Usiku wa kwanza walinishika wanne akanivunja pua kwa goti, halafu akakaa kando akaanza kulia yeye. Sikumlaumu.

Nimewaambia polisi mimi ni dereva tu, nilipakia mtu, sikujua anachokwenda kufanya. Dada, wakili aliyeletwa na baba mdogo Jairo anasema inawezekana. Helmeti ilikuwa kichwani. Dina akisema hakuiona sura, basi, yanabaki maneno ya Lucky, na Lucky ni mwizi anayejulikana. Baba mdogo yupo tayari kuleta ng'ombe nyumbani kwako, tukae, tuyamalize kikwetu. Damu ni damu. Nina watoto watatu. Nikifungwa miaka, nani atawalisha?

Na ile barua yangu ya tarehe 3. Ichome, dada. Tafadhali. Ichome leo.

Gwamaka


Itumba
13 Oktoba 2024

Gwamaka,

Sikusalimii. Habari za watu nitakupa, maana hawakukosa wao.

Dina alikaa Mbeya siku kumi na nane. Amewekewa vyuma viwili na misumari tisa. Daktari anasema kalamu atashika, ndoo ya maji hatabeba tena kwa mkono huo. Meno tutaangalia mwakani. Anakula. Juzi alicheka, Enesi alipomsimulia jinsi mbuzi wangu alivyokula daftari la mahudhurio ya kikoba. Mimi nilikuwa nje, niliposikia nikakaa chini palepale kwenye tope.

Ni kweli nilikuja. Nilifunga panga kwenye kitenge kama mtoto. Hukuwepo, na nakwambia bila kujisifu kwamba ungekuwepo usingekuwa unasoma barua hii. Nilikuta pikipiki mlangoni. Nikaikata. Kiti, matairi, waya, taa, nilikata mpaka panga likaruka mpini na kiganja changu kikachanika. Mama mwenye nyumba wako, Jenista, alinishika kiunoni kutoka nyuma, nikampiga kiwiko cha mdomo, mtu wa watu. Nimemtumia mkungu wa ndizi kumwomba radhi. Pikipiki nasikia ni ya bosi wako. Aje anidai.

Laki tatu na elfu kumi zako nilizipokea. Ulitegemea nitakurudishia kwa hasira? Zilinunua misumari. Najua ni fedha ya meno ya watu. Mkono wa mwanangu ulikuwa wazi na vyuma vilikuwa havijalipiwa.

Hizo zingine nilitoa hisa zangu na fedha ya kahawa. Niliitisha mkutano, nikasimama mbele ya wale kina mama ishirini na mmoja, nikaomba kuvunja kanuni. Kufuli zikafunguliwa. Gawio la mwaka nimelikosa. Jumla Mbeya imekula milioni moja, laki tatu na arobaini. Nimeipiga hesabu hii kila usiku, Gwamaka, na kila usiku inarudi palepale: alitaka laki mbili, nilikuwa nazo. Nilikuwa nazo. Nilimnyima mwanangu kwa sababu nilitaka Desemba watu waone katibu ana hisa nyingi kuliko wote. Uliniandikia mpe, usiniulize kwa nini, na mimi nikaona mchezo. Kwa hilo sina wa kumfunga, nitalala nalo. Unadhani tuliuza na zile bati za Enesi? Hapana. Tumezirudisha. Nilipanda paani mwenyewe nikazipigilia, zote kumi na moja, huku ananipokezea misumari.

Baba mdogo Jairo alileta ng'ombe Jumatano, pamoja na wazee wanne. Wakakaa. Wakasema ukoo, wakasema aibu, wakasema Gwamaka alilazimishwa. Nikawaacha wamalize. Kisha nikamwita Dina, nikawaambia mwambieni yeye. Alitoka na mkono wake kifuani akasimama mbele yao. Walimtazama, halafu mzee mmoja akainuka akaanza kufungua kamba ya ng'ombe.

Najua uliogopa. Nakuhurumia, na hasira haijaiondoa huruma hiyo. Mlango ule ungefungwa kwenye vidole vyangu sijui ningefanya nini. Lakini wewe ulipofika kwa mwanangu ulikuwa na vidole vinane vizima na ukavitumia kuvuta mafuta.

Watoto wako wasikutie shaka. Yunisi nimekubaliana naye, waje hapa Desemba, shule ipo, chakula kipo. Nitawalea kama wangu, na sitawaambia lolote mpaka waulize.

Barua yako ya tarehe 3 sikuichoma. Nimempa mpelelezi wiki iliyopita, na bahasha yake. Tarehe 28 Dina atasimama mahakamani aseme alichokiona, na baada yake nitaitwa mimi. Wataniuliza kama naufahamu mwandiko huo. Nitasema ndiyo. Nitasema ni wa mdogo wangu, tumbo moja, na kwamba mama alipokufa ni mimi niliyemshika mkono juu ya mchanga wa uani nikamfundisha kuandika jina lake.

Sekela